Mbwa Aliyevuka Mto Kwenda Kusahau Jibini

NUCA HAENDI POPOTEEE! Anabaki! Ile barua ya kumrudisha imechanwa, mkuu Trifan mwenyewe kaichana mbele ya zamu nzima, vipande kavitia mfukoni kwa sababu pipa la taka liko mbali, na Aculina kalia mpaka kofia ya kazi ikamshukia puani. Jamani, raha iliyoje! Haya, tutulie kwanza, tuanze mwanzo, maana kuna watu hata Nuca hawamjui.

Nuca ni mbwa. Kambwa kadogo, kahawia, masikio yananing'inia kama soksi kwenye kamba. Rangi yake ni ya jozi, zile kokwa ngumu zinazoanguka kando ya barabara zetu zote msimu ukifika, na kwa lugha yetu nuca ndiyo jozi yenyewe. Kazi yake kunusa dawa za kulevya hapa mpakani, kwenye daraja la mto Prut. Huku kwetu Moldova, ng'ambo Romania. Na anayemshika kamba ni Aculina Prepelița, mwanamke mmoja mrefu, mkimya, ambaye ukimtania anakujibu baadaye wakati wewe umeshasahau, ndipo unaumia.

Aculina ni wa Cotul Lozii, kijiji ambacho ukisimama kisimani unasikia kengele za makanisa mawili, la kwetu na la ng'ambo. Zamani za waya wa miba na minara ya askari mtoni, la ng'ambo ulilisikia tu, kulifikia usiote. Mama yake alitunga majani ya tumbaku kwenye kamba maisha yake yote, vidole vyeusi mpaka anaingia kaburini. Aculina alipomaliza shule kazi hakuna, akafanya wanachofanya nusu ya wanawake wa huku: akapanda basi dogo, akaenda Italia kulea wazee.

Alikuwa Padova, kwa bibi mmoja anaitwa Ornella. Miguu ya bibi haifanyi kazi lakini mdomo unafanya kazi ya miguu na mikono.

"Wewe Aculina, supu hii umeoshea miguu?"

"Ndiyo bibi. Mguu mmoja. Wa pili kesho."

Bibi anacheka mpaka anakohoa. Ndivyo walivyopendana, miaka na miaka.

Bibi alikuwa na mjukuu, Tiziano. Kijana mpole, anapanda ngazi anapiga mluzi, anambusu bibi yake kwenye paji la uso, halafu akiondoka kuna kitu kimeondoka naye. Leo saa ya ukutani, kesho hereni. Alikuwa teja. Bibi anajua, Aculina anajua, na kila mmoja anajifanya hereni zimepotea tu. Siku moja mluzi ulisikika ukipanda, mlango wa bafu ukafungwa, na haukufunguka. Aculina ndiye aliyeuvunja. Gari la wagonjwa lilikuja mbio lakini wapi. Na siku ya kumvika, bibi akasema wageni wasimguse mtoto wake, amvike Aculina. Basi Aculina akampigia pasi shati, akamchana nywele, akamvalisha soksi. Watu wakimuuliza leo kwa nini alichagua kazi hii, anasema, "Napenda mbwa." Haongezi neno.

Alirudi nyumbani mama yake alipougua. Akamuuguza, akamzika, akabaki kwenye nyumba peke yake na jiko la kuni. Akapata kazi mpakani: kuinua kizuizi. Yaani kubonyeza, chuma kinapanda, gari linapita, kubonyeza, chuma kinashuka. Upepo wa mtoni wakati wa baridi unaingia kwenye mifupa unatafuta mahali pa kukaa. Wenzake walimwita Mama Geti.

Ndipo ukaja ule mpango wa mbwa. Wajerumani wakatoa pesa, Waromania wakatoa shule na walimu, sisi tukatoa watu. Mbwa walipoletwa kugawiwa, wanaume walikimbilia mambwa makubwa. Iurie, yule wa zamu ya asubuhi mwenye mabega kama kabati, akamchukua Zar, mbwa mkubwa kama ndama, wa kutafuta watu wanaojificha kwenye malori. Zar akikohoa tu madereva wanakiri makosa ya babu zao. Mwisho akabaki Nuca peke yake, amekaa, anatazama kila mtu kama anasubiri kualikwa kucheza.

"Hiki ni mbwa au ndala ya manyoya?" Iurie akauliza.

Watu kicheko. Aculina akanyoosha mkono kutoka nyuma kabisa. "Nipeni mimi hiyo ndala."

Wakawapeleka wote wawili Romania, shule ya mbwa, na mwalimu wao akawa Octav. Huyu Octav ni mnene, mpole, mfuko wa suruali umejaa mipira na makombo, na lugha yetu ni moja ila wao wanatucheka lafudhi. Siku ya kwanza kamwambia, "Dada, ukimwita mbwa hivyo kwa Kimoldova chenu, atadhani unamwalika harusini." Naye Aculina, kesho yake, walipokuwa wanakula: "Mwalimu, huko harusini nimemwalika mbwa tu. Wewe utakula hapa hapa."

Octav alimfundisha mengi lakini moja alilirudia kila siku. "Mbwa asilale hajashinda. Umenielewa? Kwake yeye huu ni mchezo. Anatafuta harufu, akiipata anakaa chini, akikaa anapewa mpira. Siku ambayo magari yote ni safi, wewe mwenyewe kabla hamjaondoka mfichie kijisampuli cha dawa mahali, akipate, ashangiliwe, apewe mpira wake. Bila hivyo atachoka moyo. Mkono mtupu haulambwi."

Basi wakarudi, wakafanya kazi, na mambo yalikuwa mazuri. Kila jioni mkuu Trifan, huyu ndiye mkubwa wa kituo, anafungua kasha la chuma, anatoa kichupa cha unga wa kufundishia, Aculina anakificha nyuma ya tairi, Nuca anakipata, mpira unarushwa, mkia unazunguka kama feni, kichupa kinarudi kashani. Nyumbani Nuca analala miguuni pa Aculina. Ile nyumba ikawa na mtu wa kusemeshwa.

Halafu sampuli zikazeeka. Ndiyo, zinazeeka, harufu inakufa. Zikachukuliwa kuchomwa, sheria ndivyo inavyotaka, na mpya zikawa zinakuja. Zinakujaaa. Ofisi hii haisaini mpaka ile isaini, na ile nayo inasubiri hii. Majani ya mizabibu yakaanguka, theluji ikaja, kasha la chuma tupu.

Na Nuca akaanza kuzima kama mshumaa. Anazunguka magari, ananusa, hakuna. Kesho, hakuna. Ule mkia ukashuka. Ikafika mahali akitoka kwenye gari la kazi anajilaza kwanza chini, kichwa juu ya miguu, kama mtu aliyeambiwa aende kazini na hela ya mwezi uliopita hajapewa. Chakula hakigusi vizuri.

Sasa hapo ndipo Aculina alipoharibu. Na mtu wa kwingine asingeharibu hivi, hii ni ya kwetu kabisa. Alimwonea mbwa huruma. Na mwanamke wa Cotul Lozii akikuonea huruma anakupa nini? Jibini. Ile brânză ya kondoo, nyeupe, ya chumvi, imelazwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, inanuka mpaka kwa jirani wa tatu. Akakata kipande, akakifunga kwenye kitambaa, akakificha nyuma ya tairi. "Haya, Nuca, tafuta!" Nuca akatafuta. Akakipata, akakaa, akapata mpira na jibini juu. Weee! Mkia ulirudi siku hiyo hiyo. Aculina akacheka peke yake uani. Kesho akaficha tena. Na kesho yake.

Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.

Maana mnajua magari yetu ya vifurushi. Kila wiki mabasi madogo yanaondoka vijijini kwenda Italia, yamejaa vifurushi vya mabibi kwa watoto wao: mvinyo kwenye chupa za maji, jamu, kuku wa kuokwa, na jibini. Hakuna gari lisilo na jibini. Hakuna! Siku ya kwanza Nuca akakaa mbele ya gari moja. Wakafungua vifurushi vyote, vile vilivyoshonwa na shuka nyeupe, jina limeandikwa kwa kalamu. Hakuna kitu, jibini tu. Gari la pili, akakaa. La tatu, akakaa. Mstari ukafika mpaka kwenye kilima. Bibi mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda kumwona binti yake akasimama juu ya kifurushi chake, kidole juu:

"Wewe bwana mkubwa! Hilo jibini nimelikamua kwa mikono hii. Unatafuta nini ndani yake, shetani?"

"Mama, ni kazi tu," afisa akamjibu.

"Kazi? Mbwa wako ana njaa! Mlisheni, msitafute visingizio!"

Madereva wakaanza kurekodi. Jioni hiyo kila simu ya Moldova ilikuwa na Nuca amekaa kwa adabu mbele ya ndoo ya jibini, na maneno juu yake: MKAGUZI MKUU WA MAZIWA.

Mkuu Trifan akamwita Aculina ofisini. Si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka, anakunywa chai yake imeshapoa.

"Aculina, dada yangu. Nimepigiwa simu na watu ambao sikujua hata wana namba yangu. Nimeandika barua. Hii hapa. Mbwa anarudi shuleni Romania, wewe unarudi getini."

Aculina aliitazama ile barua kama anatazama jeneza. "Nipe muda, mkuu. Kosa ni langu, si lake."

"Najua ni lako. Jibini ni la kwako pia?"

"La kwangu."

"Ni zuri?"

"Nitakuletea."

Mkuu akapumua. Akasema barua itakaa kwenye droo mpaka baada ya Pasaka ya Marehemu, pale watu wote wanaokuja kuzuru makaburi watakapokuwa wanarudi Italia na Ujerumani na ndoo zao. Nuca akikaa kwenye jibini hata mara moja siku hizo, barua inatoka kwenye droo na inaenda. Basi.

Aculina hakusubiri hata kufika nyumbani, akampigia Octav akiwa kwenye maegesho. Akamweleza yote, moja kwa moja, bila kupaka rangi. Halafu Octav akalipuka kicheko mpaka simu ikakwaruza.

"Usinicheke, mwalimu. Wanamchukua."

Octav akaacha kicheko. "Sikia. Hilo linatibika. Unaweka jibini huku na unga kule. Akikaa kwenye jibini, hapewi kitu, hata jicho usimpe. Akikaa kwenye unga, mpira. Lakini unga lazima uwepo."

"Kwangu haupo. Kwako upo. Niletee."

"Nikuletee? Aculina, umesikia ulichosema? Mimi nipite mpakani kwako na heroini kwenye koti?"

"Kidogo tu."

"Si utanikamata!"

"Nitakukamata. Nuca ndiye atakayekuacha upite, kama huna jibini."

Wote wawili wakacheka, kicheko cha watu wasio na njia. Halafu Octav akasema, polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani, "Unga hauwezi kuvuka. Lakini mbwa je?"

Kila mwezi wakubwa wa pande mbili za daraja hukutana, mara kwetu mara kwao, wanaambiana nini kimepita na nini kinatarajiwa. Wa kwao ni mama mmoja anaitwa Smaranda, nywele fupi za mvi, hacheki mpaka awe ameamua. Zamu hii ilikuwa kwetu. Aculina akaingia na sinia la plăcintă za moto, zile chapati zetu zilizojazwa jibini na majani ya kunukia, akaziweka mezani, akabaki amesimama.

"Unataka nini?" mkuu Trifan akamuuliza. "Maana plăcintă hazitembei zenyewe."

Akasema. Anataka kila baada ya zamu avuke daraja na Nuca, nusu saa tu, uani kwao, wafundishwe, warudi.

Mkuu akakuna kidevu. "Makubaliano yetu na wenzetu yanasema maafisa wanaweza kutembeleana kwa mafunzo. Maafisa. Sijaona mbwa."

"Nuca ana namba ya kazi, mkuu."

"Anayo?"

"Iko shingoni. Mimi nilipokuwa getini sikuwa nayo."

Mama Smaranda alikuwa anatafuna. Akameza, akapangusa vidole kimoja kimoja. "Bwana Trifan," akasema, "babu yangu alizaliwa huku kwenu, akafia kwetu, na katikati hapo hakuruhusiwa hata kumpungia mkono dada yake ng'ambo. Leo mbwa anaomba kuvuka kwenda darasani. Mimi nimnyime nina roho gani? Ila pasipoti yake ya chanjo iwe sawa. Na hizi plăcintă nitabeba zilizobaki."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni mlimwona Aculina anavuka daraja kwa miguu na kambwa kake, askari wa kwetu anapiga muhuri, askari wa kwao anapiga muhuri. "Afisa Nuca, unakwenda kwa madhumuni gani?" wanamtania. "Masomo," Aculina anajibu, uso mkavu.

Mwanzo ulikuwa mgumu, tusidanganyane. Octav alipanga masanduku uani, mengi yana jibini, moja lina unga. Nuca akaruka moja kwa moja kwenye jibini, akakaa, kifua mbele. Hakuna mpira. Octav kasimama kama nguzo ya umeme, Aculina anatazama mawingu. Nuca akakaa zaidi, yaani akajikandamiza chini, labda hawajaona. Kimya. Akabweka kidogo. Kimya. Akamgeukia Aculina, na yale macho, jamani, yale macho! Aculina anasema ilikuwa kama kumwambia mtoto mama hakujui.

"Usimwangalie," Octav akanong'ona.

"Siangalii."

"Unalia."

"Ni upepo."

Siku nyingi zilipita hivyo. Akirudi nyumbani haligusi jibini hata yeye mwenyewe, ile ndoo kaigawa yote kwa jirani, anakula viazi na kitunguu. Mpaka jioni moja mvua inanyesha, Nuca akafika kwenye sanduku la jibini, akanusa, akajilamba pua, akasimama... akapita. Akaenda kwenye la mwisho, akashuka matako chini polepole, kama bibi anayekaa kanisani. Mpira ulirushwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Octav alimkumbatia Aculina, Aculina akamkumbatia mbwa, mbwa kajaa tope, wakatoka wote watatu rangi moja.

Ikaja Pasaka ya Marehemu. Aculina alikwenda makaburini kama kila mtu, akatandika kitambaa juu ya kaburi la mama yake, mayai mekundu, mkate mtamu, mvinyo, akagawa vifurushi kwa waliopita ili mama apate huko aliko. Kesho yake alikuwa kazini, na magari yalianza kurudi. Mafuriko! Kila gari limejaa ndoo.

Nuca akafanya kazi asubuhi yote. Ndoo baada ya ndoo, jibini baada ya jibini, ananusa, anapita. Iurie kamsimamia kando, mikono kifuani, anasubiri kucheka. Mkuu Trifan kashuka mwenyewe kutoka ofisini.

Lile gari la Ghenadie lilipofika, hakuna aliyeshtuka. Ghenadie ni dereva wa vifurushi tangu zamani, anajulikana mpaka na watoto, anakumbuka siku za kuzaliwa za wateja wake. Nuca akazunguka nyuma, akapita ndoo ya kwanza, ya pili. Kwenye ndoo moja ya kijani akasimama. Akakaa.

"Jibini tenaaa!" Iurie akapiga kelele, na mstari mzima wa magari ukaangua kicheko, simu zikainuliwa. "Mkaguzi wa maziwa karudi kazini!"

Mkuu Trifan hakucheka. "Aculina. Mtoe."

Aculina hakusogea. Akamtazama Nuca. Akiwa na hamu ya jibini, Nuca hujilamba pua na kutazama mikono ya watu. Sasa alikuwa hatazami mtu. Anaitazama ndoo, hapepesi macho.

"Fungueni, mkuu."

"Ni jibini, dada."

"Amepita jibini tangu asubuhi. Fungueni hii."

"Na kama ni jibini?"

"Barua si iko kwenye droo?"

Wakafungua. Maji ya chumvi, na jibini, jeupe, zuri. Kicheko kikapanda tena. Iurie akakunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka kiwiko, akapekua. "Jibini. Jibini. Jibini, ndugu zangu."

"Toa lote," Aculina akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. Wakatoa lote, wakamwaga maji. Ndoo tupu. Na Nuca bado kakaa.

Iurie akaingiza mkono ndani ya ndoo ile tupu, akagusa chini, halafu akauweka nje pembeni mwa ndoo, akapima. Akarudia. Kicheko kikamkauka usoni.

"Mkuu... mbona ndani ni pafupi kuliko nje?"

Kulikuwa na kitako cha pili. Chini yake pakiti, zimefungwa vizuri, zimekaa kama ndugu kitandani. Aliyefunga alikuwa ameona zile video, kajua mbwa wa jibini akikaa watu watacheka na kumpitisha. Ndivyo alivyopanga. Hakujua mbwa amekwenda shule.

Kicheko kwenye mstari kikazimika kama redio iliyochomolewa. Aculina akatoa mpira mfukoni, ukamponyoka, Nuca akaudaka kabla haujagusa chini.

Na Ghenadie, maskini, akakaa juu ya tairi, kashika kichwa. "Kijana mmoja aliniletea stendi. Kasema ya shangazi yake, Padova. Mimi nifungue ndoo ya shangazi wa mtu? Nimebeba ndoo maisha yangu yote, sijafungua hata moja. Si adabu." Akawa analia bila kujificha, mtu mzima yule. Wengine walimtazama vibaya. Aculina akamletea maji, akakaa naye pale pale juu ya tairi, bega kwa bega, Nuca katikati na mpira wake. "Nakuamini, kaka," akamwambia. "Sasa wasaidie wengine nao wakuamini."

Akasaidia. Mkuu Trifan alimpigia mama Smaranda, mama Smaranda akapiga kwa wengine, na mpaka jua linaanza kushuka Ghenadie aliondoka tena na gari lake lile lile, ndoo ya kijani ina jibini tu safari hii, na kwenye kiti cha abiria "binamu" ambaye alikuwa polisi. Kila nchi ilimpokea na kumkabidhi kwa inayofuata, kama mtoto anavyopitishwa mikononi kanisani siku ya ubatizo. Kule Padova "shangazi" akaja kuchukua ndoo yake. Alikuwa na ndevu. Kapokelewa vizuri. Na yule kijana wa stendi akakamatwa huku kwetu siku hiyo hiyo, kabla hajapata muda wa kuuliza mzigo umefikaje. Ghenadie karudi nyumbani kama shahidi, anaendelea kubeba vifurushi, ila sasa anauliza, "Mama, samahani, ndani kuna nini?" na mabibi wanamtukana.

Habari ya barua mnaijua tayari. Mkuu aliitoa kwenye droo asubuhi watu wakiwa wamepanga foleni ya kubadilishana zamu, akaisoma kimoyomoyo, akaichana. "Mbwa ana kazi," akasema. "Na wewe una kazi. Rudini kazini." Halafu akamgeukia Iurie. "Na wewe mfute yule mkaguzi wa maziwa kwenye simu yako."

"Nimeshamfuta, mkuu," Iurie akasema, na akainama akamkuna Nuca shingoni, mara ya kwanza tangu aje. "Samahani, ndala."

Sampuli mpya hazijafika mpaka leo, ila hakuna anayezisubiri. Jioni Aculina anavuka daraja na afisa wake. Na wiki iliyopita mama Smaranda kaleta mbwa wake wawili huku kwetu, mijibwa ya kujisifu, wakajifunze kupita jibini la Cotul Lozii bila kukaa. Wote wawili walikaa. Aculina kawaambia wenye mbwa, taratibu, uso mkavu vile vile: "Msijali. Darasa la kwanza ni gumu kwa kila mtu."

Basi. Kama umesoma mpaka hapa, mtumie na mwingine asome.